Verlene Dirishani

Asubuhi ya mwisho ya kawaida waliyokaa pamoja, Verlene Teague alitoa mikate midogo kwenye oveni, akaimwagia mchuzi mweupe wa soseji, akamwekea mumewe sahani, kisha akageukia dirisha la juu ya sinki. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na dirisha lile likinyeshewa huvimba likakataa kupanda. Alilisukuma. Halikwenda. Akalipiga kofi. Halikwenda. Aligeuza uso juu ya bega, unyusi mmoja umepanda, akamtazama Orval.

Orval aliweka uma chini. "Nimeshasikia."

"Kwani mimi nimesema nini?"

"Unyusi wako umesema."

Alikwenda na kisu cha siagi, akakipitisha kwenye ufa, akalisukuma kwa bega, likapanda. Harufu ya udongo uliolowa ikaingia, na ya malimau ya uani.

"Fundi mzima," akasema Verlene. "Umejenga majumba ya wafalme, umejenga meli, umejenga magereza. Nyumbani kwako huna dirisha moja linalofunguka."

"Yale majumba yote yalikuwa ya plaiwudi, mke wangu. Ukizunguka nyuma hukuti kitu."

"Kama wewe kabla ya kahawa," akasema, akamjazia kikombe.

Basi, ni hayo tu. Asubuhi ile haina lingine. Alifua vitambaa vya sahani, akavianika, akaenda dukani kununua maziwa ya mgando, akarudi. Kesho yake aliinama kufunga kamba za viatu, akaanguka, hakuinuka tena.

Baada ya maziko Orval alikaa katika nyumba ile ya mtaa wa Sun Valley kama mtu aliyeachwa kituoni. Dirisha la sinki lilibaki lilivyokuwa, maana mvua ilirudi na yeye hakuligusa. Shemeji yake, Dub, mdogo wake Verlene, alikuwa akija kila Jumapili na kuku wa kukaanga kwenye ndoo ya karatasi.

"Shemeji, nyumba hii inanuka soksi. Fungua dirisha."

"Limegoma."

"Limegoma, au umegoma wewe?"

Wote wawili walitazama ndoo ya kuku. Verlene hakuwahi kuiruhusu imkanyagie jiko lake.

Kama mtu angemwuliza Orval mkewe alikuwa nani, angesema alikuwa mshonaji. Na ni kweli. Wote wawili walikuwa watoto wa wachuma pamba waliotoka Oklahoma wakaishia mashambani kando ya Bakersfield. Orval aliacha shule akiwa hajajua kusoma sawasawa. Viazi vya kuchimbwa havikusubiri darasa. Verlene alisoma kidogo kumpita, akajua cherehani, na walipooana wakashuka Los Angeles, kwa sababu mtu fulani alisema studio za filamu zinahitaji mikono, haziulizi vyeti. Verlene akaingia chumba cha mavazi. Orval akaingia karakana ya mbao. Jioni walirudi na gari moja, Verlene akimsomea gazeti njiani, naye akishika usukani.

Verlene alikuwa mrefu, shingo ndefu, mabega yaliyonyooka. Kwenye chumba cha mavazi walizoea kumvika magauni ya waigizaji ili kuyapima, kwa sababu mwigizaji hana muda wa kusimama kuchomwa pini. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba Verlene Teague na mwigizaji mkuu wa filamu iliyoitwa Shingo Wazi walikuwa na mgongo mmoja. Ungewatazama kwa nyuma usingesema yupi ni yupi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mwongozaji wa filamu ile alikuwa mtu aliyezipenda mno filamu za zamani za mashaka, zile ambazo mwanamke mwenye nywele za dhahabu zilizofungwa kisogoni anapanda ngazi, na mtu anamfuata, na wewe kwenye kiti unashika roho. Alitaka kutengeneza kama zile, ila aoneshe kilichokuwa kinafichwa nyuma ya pazia. Hadithi yenyewe ilimhusu fundi wa simu aliyepanda nguzo kukarabati waya, akamwona mwanamke dirishani anavua nguo. Akawa anarudi kwenye nguzo ile kila siku. Siku moja mwanamke anageuza uso, midomo inacheza, na fundi anaamini kwamba ameitwa. Baadaye mwanamke anauawa kwa waya wa simu, na anayeonekana kuwa na waya ni nani kama si fundi.

Mwigizaji mkuu alikubali kila kitu isipokuwa kuvua. Ikabidi atafutwe mbadala, mwili wa kuazima, ambao jina lake haliandikwi popote.

Verlene alimweleza Orval mezani, akimenya maharage.

"Ni mgongo tu, Orval. Mgongo huu umebeba magunia ya pamba hakuna aliyeutazama. Leo kuna mtu anataka uubebe mwanga."

Orval aliokota ganda moja la maharage. "Mgongo ni wako."

"Najua ni wangu. Nakuuliza roho yako."

"Roho yangu itazoea."

"Basi sikiliza. Tukiwa kazini siku hiyo mimi si mke wako, wewe si mume wangu. Sitaki uninunie mbele za watu, sitaki uwanunie watu mbele yangu."

Wakapeana mikono juu ya maharage, kama watu wanaouziana farasi.

Sasa, chumba kile cha mwanamke Orval ndiye aliyekijenga. Kuta za plaiwudi, ngazi ya kuzunguka, na dirisha. Dirisha alilipiga randa kwa mikono yake, la kusukuma juu, fremu ya msonobari. Halikuwekwa kioo, kwa sababu kioo huakisi taa za kamera. Watu wote waliolitazama filamuni wanaamini wanatazama kupitia kioo. Hakikuwepo.

Na kuna mazoea ya watu wa kazi ile ambayo ni lazima yasemwe. La kwanza, chochote kinachoweza kutikisika na kulia hupigiliwa msumari jioni, ili fundi wa sauti asije asubuhi na kulalamika. Mlango usiofunguliwa hupigiliwa. Dirisha lisilofunguliwa hupigiliwa. La pili, siku ambayo mtu anavua nguo, seti, pale panapopigwa picha, hufungwa. Wanaondoka wote wasiohitajika. Wanaobaki, kama si wa kamera, hugeuka. Wa taa walioko juu kwenye madaraja ya kutundikia taa hugeuka. Fundi wa mbao wa zamu, ambaye hawezi kuondoka kwa sababu kitu kinaweza kuvunjika, husimama nyuma ya ukuta wa seti na kuupa kisogo. Hakuna aliyeiandika sheria hii. Mtu aliyeivunja hakupata tena wa kunywa naye kahawa.

Siku ile zamu ilimwangukia Orval.

Mwenzake wa taa alimnong'oneza kutoka juu, "Teague, wewe pia unageuka? Mke wako mwenyewe?"

"Leo si mke wangu."

"Haya, bwana. Mimi ningechungulia."

"Wewe hata kahawa nisingekunywa nawe."

Akasimama nyuma ya ukuta, uso kwenye giza la banda, mkono kwenye mpini wa nyundo. Alisikia mwongozaji akiongea kwa sauti ya chini. Alisikia kamera ikianza. Alisikia kitambaa kikianguka sakafuni, na sauti ile aliijua, kwa maana gauni lile lilishonwa jikoni kwake. Kisha mwongozaji, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amebadilisha mawazo bila kuwaambia mafundi, akasema, "Sasa fungua dirisha."

Mbao zikalia, ila hazikupanda. Zikalia tena. Msumari ulikuwemo, na aliyeupigilia jana jioni alikuwa Orval.

Ndipo Verlene akanena. Alisema jina la Orval na maneno machache, kwa sauti ya chini, karibu na ukuta, maneno ambayo Orval aliyasikia yote. Kamera ilikuwa inaendelea. Orval alizunguka upande wa nje, macho chini, akaung'oa msumari kwa kupapasa kama kipofu, akarudi mahali pake. Hakuinua uso hata kidogo. Mwongozaji alipiga tena tukio lile mara nyingi, dirisha likifunguka vizuri. Mwishoni hakutumia hata moja kati ya hizo. Alitumia ile ya kwanza, mgongo, mkono unaosukuma, kisha uso unaogeuka juu ya bega na midomo inayocheza. Sauti akaiondoa, akaweka zeze. Na nywele zilikuwa zimeangukia nusu ya uso, kwa hiyo wasiojua walidhani ni mwigizaji mkuu.

Filamu ilipotoka, watu waligawanyika kama kuni. Wapo walioiita kazi ya fundi mkubwa aliyewaamkia wakubwa zake kwa heshima. Wapo walioiita uchafu wenye manukato. Wanawake walisimama nje ya majumba ya sinema na mabango. Na ugomvi wote, wa wapenzi na wa maadui, ulikwenda kukomea kwenye ule uso wa dirishani. Mmoja akisema mwanamke anamwita anayemchungulia, anafurahia. Mwingine akisema hapana, anamshtaki. Mwingine akaandika kwamba ule ni uso wa mnyama aliyenaswa, na kwamba yeyote aliyekuwa kwenye seti siku ile angepaswa kuona aibu.

Hilo la mwisho Verlene hakumsomea Orval njiani. Orval aliambiwa karakanani na yule mwenzake wa taa, akiwa na msumeno mkononi.

"Wanasema alikuwa anaomba msaada, Teague."

Orval aliendelea kukata ubao. Aliukata vibaya.

Kanisani nako habari ilifika, kwa miguu yake yenyewe, kama habari zinavyofika. Mke wa mchungaji alimwendea Verlene baada ya ibada. "Dada Verlene, sauti yako tunaipenda. Tumeona tu upumzike kidogo na kwaya." Kidogo hicho hakikuisha. Verlene aliimba tangu hapo akipiga pasi, na mtu akiingia aliacha.

Alikwenda kuiona filamu mara moja, mchana, peke yake. Alirudi akavaa aproni. Orval akasubiri. Verlene akakoroga sufuria, akaonja chumvi.

"Dirisha lilitoka vizuri," akasema.

Orval hakuuliza. Yeye mwenyewe hakwenda. Aliona kwamba siku ile aligeuka, na kwenda kutazama baadaye ni sawa na kugeuza shingo siku ileile. Verlene aliwahi kumwambia kitandani, "Ukitaka kuniona, niko hapa, huna haja ya nauli." Wakacheka. Lakini mwiba ulibaki. Maneno aliyoyasikia nyuma ya ukuta yalikuwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasema akicheka, na anaweza kuyasema akitaka kulia, na plaiwudi haipitishi uso. Kama alicheka, basi. Kama alikuwa ameingiwa na hofu, uchi mbele ya wageni, akamwita mumewe, na mumewe akaja ameinamisha macho kama hamjui, basi Orval alitaka kulijua hilo kabla naye hajafa. Alidhani muda upo wa kuuliza. Kwa watu wanaolala kitanda kimoja, muda huonekana upo daima.

Majira ya joto baada ya maziko alikuja mwanamke kijana, Anahit Keshishian, anafundisha mambo ya filamu chuoni, kwao Glendale. Alikuja na sanduku la vitumbua vya kokwa za jozi kutoka kwa mama yake, kwa sababu mama yake alimwambia haendi mtu kwenye nyumba ya msiba mikono mitupu.

"Pole sana, Mzee Teague. Nimechelewa. Nilikuwa namtafuta yeye."

"Wengi wamechelewa."

Anahit alieleza. Jumba moja la zamani la sinema upande wa pili wa vilima litaonesha Shingo Wazi, mchana wa Jumamosi, kisha watu wazungumze. Filamu iliyotukanwa, sasa inatazamwa upya. Mshonaji mmoja mstaafu ndiye aliyemwambia kwamba mwanamke wa dirishani alikuwa na jina.

"Wewe unaipenda?" Orval akamwuliza.

"Mara ya kwanza niliichukia. Ya pili niliona inamcheka yule wa kwenye nguzo, si yule wa dirishani. Ya tatu sikujua tena. Lakini ule uso, mzee, siwezi kuuacha. Nataka tu jina lake litajwe."

"Verlene," akasema Orval. "Siahidi kuja."

Dub alipopata habari, alimaliza mguu wa kuku kwanza. "Shemeji, twende."

"Nilimpa kisogo siku ile kwa heshima. Nikamtazame leo na umati?"

"Umati umemtazama miaka yote hii. Aliyebaki ni wewe."

"Ni dada yako, Dub. Uchi."

"Nitafumba macho, utaniambia kukiwa salama. Tulioga naye kwenye pipa moja Bakersfield, bwana, hana kitu kipya."

Orval hakutaka kucheka, ila kicheko kilimtoka puani. Tangu maziko hakikuwa kimemtoka.

Walikwenda. Orval alivaa koti alilovaa mazikoni. Ukumbi ulikuwa na vijana wengi kuliko alivyodhani, na wazee wachache. Walikaa nyuma, karibu na mlango, Dub na bisi zake. Taa zikazimika.

Filamu ilianza, na Orval akawa anatazama kuta. Hakuweza kujizuia. Ngazi ile, aliona mahali alipoziba ufa kwa gundi na unga wa mbao. Aliona vijana wakishika mikono ya viti yule mwanamke alipopanda na kivuli kikamfuata. Akaona pia kwamba yule wa kwenye nguzo alikuwa mjinga kweli, anadondosha vifaa vyake akitazama, na watu wakimcheka. Hilo, kabla ya Anahit, hakuwahi kuambiwa na mtu. Kisha zeze zikaanza kupanda polepole, na dirisha likajaza kitambaa cha sinema, na Dub akanong'ona, "Mimi nimefumba."

Orval aliinamisha kichwa. Mwili ulikumbuka wenyewe. Alitazama viatu vyake katika mwanga wa buluu uliokuwa unatikisika. Zeze zilipanda. Hakikusikika kitambaa kuanguka, hazikusikika mbao kulia, walikuwa wameviondoa vyote. Lakini alijua, kwa kuhesabu moyoni kama alivyohesabu nyuma ya ukuta, kwamba sasa mkono uko kwenye fremu. Sasa unasukuma. Sasa limekataa.

Akainua uso.

Akamwona Verlene akigeuka juu ya bega. Kijana, nywele zimemwangukia, mwanga kwenye shingo. Na unyusi mmoja umepanda.

Ulikuwa unyusi uleule. Wa jikoni. Wa dirisha la sinki, wa mikate na mchuzi, wa kabla ya kahawa. Kona ya mdomo ilikuwa imebana kama alivyoibana kila alipozuia kicheko ili amshinde. Hakuwa anamtazama yule wa kwenye nguzo. Hakuwa anatazama kamera. Alikuwa anautazama ukuta wa plaiwudi, mahali alipojua nani amesimama.

Kisha tukio likapita, filamu ikaendelea na mauaji yake, na Orval hakuyaona, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Dub alimpa kitambaa cha karatasi chenye mafuta ya bisi.

"Kuko salama?" akauliza, bado amefumba.

"Kuko salama."

Taa zilipowaka, Anahit alisimama mbele na watu wakaanza kunyoosha mikono. Kijana mmoja mwenye miwani akasema mabango ya zamani yalikosea, kwamba filamu hii ni salamu kwa filamu kubwa za mashaka, na asiyezijua hizo hawezi kuihukumu hii.

Bibi mmoja mstari wa tatu aliinuka kwa fimbo. Alisema anaitwa Harriet Lindqvist, na kwamba mawili matatu kati ya mabango hayo aliyapaka rangi yeye.

"Nazijua filamu zako za zamani, mwanangu. Nilizipenda kabla mama yako hajazaliwa. Mle mwanamke alikufa amevaa koti."

Watu wakacheka, na kijana naye akacheka.

"Lakini bibi, si inamdhihaki anayechungulia?"

"Kwa kumvua anayechunguliwa! Huko ni kula nyama huku unamlaani mchinjaji. Leo nimeitazama mpaka mwisho, mara yangu ya kwanza. Siku zile nilisimama nje bila kuiona. Nakubali kuna ufundi. Ile ngazi, roho iliniruka. Lakini neno langu ni lilelile. Hakuna hata mmoja, aliyeitengeneza, au ninyi, au hata sisi wa mabango, aliyemwuliza yule mwanamke wa dirishani alikuwa anataka nini."

Bi Harriet hakukaa.

"Nitawaambia kitu. Mchana mmoja alipita mwanamke mrefu, peke yake, anaingia. Nikamzuia. Nikamwambia, dada, usiingie, humo wanawake wanachinjwa watu wapate burudani. Akaniambia, 'Najua, dada. Nilikuwemo.' Nikadhani ananikejeli. Alipotoka nikamwuliza kwa hasira, haya, umeona nini? Akaniambia dirisha lilitoka vizuri. Dirisha! Nilimkasirikia mwanamke yule miaka mingi. Leo nimekaa hapa nikautazama ule uso, na sasa sijui. Kama ndiye, nilimsimamia nje kumtetea, na sikumtambua alipopita mbele yangu."

Orval alijikuta amesimama. Mikono yake ilishika kiti cha mbele. Hakuwahi kusema mbele za watu, hata kanisani, hata makaburini. Anahit alimwona, akanyamazisha wengine kwa mkono.

"Ndiye," Orval akasema. "Alikuwa mke wangu. Anaitwa Verlene Teague. Alikuwa mshonaji."

Bi Harriet aligeuka na fimbo yake, taratibu.

"Dirisha nililijenga mimi," akasema Orval. "Hakukuambia vile kukukejeli, bibi. Alikuwa ananisifu. Hakunisifu mara nyingi."

"Yuko wapi?"

"Alifariki mwezi wa pili."

Bi Harriet aliweka mkono kifuani. "Pole, baba. Pole sana. Alikuwa na hasira nasi?"

"Sikumwona na hasira. Aliacha kwaya. Hilo lilimwuma." Akafikiri, kwa maana alitaka kusema kweli na isizidi. "Ulichosema ni sawa, hawakumwuliza. Na msichana huyu aliyekuja nyumbani kwangu, naye alichoniambia ni sawa. Mimi sikusoma, siwezi kuwaamulia filamu yenu. Nilikuja kutazama kitu kimoja. Nimekiona."

Angekaa hapo. Alikuwa ameshakunja magoti. Lakini yule kijana mwenye miwani, kwa sauti tofauti na ya mwanzo, akauliza, "Samahani, mzee. Pale anapogeuka, midomo inacheza. Tumebishana miaka. Wewe ulikuwepo. Alimwambia nani, na alisema nini?"

Dub alimvuta koti. "Usiwaambie kama hutaki."

Orval alitazama kitambaa cha sinema, kilichokuwa sasa cheupe, kitupu. Maneno yale alikuwa ameyabeba peke yake tangu ujana wake, ameyageuza huku na huku asijue yanachekwa au yanaliliwa. Leo alijua. Aliona hayana tena sababu ya kufichwa.

"Aliniambia mimi," akasema. "Nilikuwa nyuma ya ukuta, jana yake nilikuwa nimepigilia dirisha, sikujua litafunguliwa. Alisema hivi: 'Orval, umenipigilia misumari humu ndani. Njoo unifungulie, bwana, nasikia baridi.'"